Springi ya Ndege, Springi ya Nyani

Obedi hakuwa mwizi. Tuliweke sawa hilo mapema, maana lilikuwa linamuuma sana watu walipolichanganya. Mwizi anavunja mlango. Obedi alikuwa anafunguliwa, anavutiwa kiti, na mara nyingi anamiminiwa chai. Kijana wa Uyole, Mbeya, Mmoraviani wa Krismasi na Pasaka, shati limepigwa pasi hata siku ambayo hajala, na ulimi ambao ukiusikiliza asubuhi, jioni unajikuta umebeba nyumbani kitu usichojua pa kukiweka. Sumbawanga alikuja kwa sababu za kibiashara. Wateja wake wa zamani walibaki Mbeya wakimtafuta.

Asubuhi hiyo alikuwa ndani ya duka la pembejeo jirani na soko, anasoma kwa makini sana maelezo ya dawa ya viroboto wa kuku. Kuku hana. Alikuwa kazini. Kazi yake ilikuwa kusikiliza watu wanalalamikia nini, maana mtu akishalalamika, kumuuzia kitu ni suala la kumpa pole kwanza.

Akaingia mzee mmoja, koti la suti juu ya sweta, mabuti yana udongo wa kijijini Kasense. Akasalimia kila aliyekuwamo, mmoja mmoja, habari za nyumbani, habari za shamba, habari za hao wa nyumbani waliokwenda shamba. Wafipa hawana haraka na salamu. Alipomaliza ndipo akamgeukia msichana wa dukani.

"Mwanangu, nina shida na ndege. Ulezi wangu umeanza kushika punje, wanashuka utafikiri nimewapa kadi za mwaliko. Upande wa pili kuna mahindi, huko nako nyani. Na vijana wa kuamia hakuna! Wote wamekwenda kwenye bodaboda. Ukimwambia kijana wa leo apande dunguni akapige kelele kutwa nzima kufukuza ndege, anakuuliza huko juu kuna umeme wa kuchajia simu?"

"Mzee Flavian, si uuze dume mmoja wa ng'ombe uajiri mtu?" akasema yule msichana.

"Dume? Mimi niuze dume nimlipe mtu apige makofi?" Mzee akacheka kwa uchungu. "Madume yangu nayapenda kuliko baadhi ya ndugu zangu."

Obedi akalirudisha kopo la dawa ya viroboto mahali pake, taratibu, kwa heshima.

Hapa lazima nikueleze habari za Jane, vinginevyo utamwona Obedi ana tamaa tu, na utakuwa umemwonea kidogo. Jane alikuwa anauza vitenge pale Uyole. Alikuwa mrefu, mcheshi, na Obedi alimpenda kweli. Katika mambo yote aliyowahi kusema, hilo moja lilikuwa kweli, na bahati mbaya ndilo alilokuwa analisema vibaya. Alimwambia baba yake Jane kwamba ana ranchi Rukwa. Baba mtu, Mnyakyusa anayejua ng'ombe ni nini, akafurahi sana. Akasema basi Jumamosi kijana alete dume mmoja wa kujitambulisha, mengine yatafuata. Jane akampigia simu pembeni: "Obedi, nimechoka kukutetea humu ndani. Jumamosi ng'ombe asipofika, Jumapili usinipigie."

Ranchi ya Obedi, siku hiyo, ilikuwa na begi la nguo, godoro, na kitu kimoja kirefu cheusi ndani ya salfeti chini ya kitanda.

Kitu hicho alikinunua kwa Happyness, dada wa mtumba, aliyefungua robota la midoli kutoka ng'ambo akakuta bunduki. Akapiga yowe, soko zima likalala chini. Walipoinuka wakagundua ni ya mchezo, inatumia betri, inatema vipunje vya plastiki. Zipo nchi, msomaji wangu, ambako watu wazima wenye familia na kazi za ofisini wanavaa magwanda Jumapili, wanakwenda msituni kutegeana na kupigana vipunje hivyo, halafu wanarudi nyumbani kuoga. Sisi tusiwahukumu. Pamoja na bunduki yalikuja magiaboksi mawili na kifuko cha springi. Obedi aliangalia video nyingi sana kwenye simu mpaka akaelewa kinachoingia wapi. Alikuwa na akili, huyu kijana, na laiti angeitumia kwa lolote la halali angekuwa mbali.

Akamfuata mzee nje.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Ni mtaalamu wa ulinzi wa mazao. Pole sana na ndege." Akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyefiwa na ulezi wake mwenyewe. "Mzee, ningekuwa na muda ningekusaidia. Ila wenzenu wa kijiji cha Pito wameshanikamata mikono yote miwili."

Hakuna kilichomuuma Mzee Flavian kuliko kusikia Pito wamepata kitu kabla ya Kasense. "Pito wana nini cha kulinda?" akauliza. "Njoo kwangu kesho."

Kesho yake, mbele ya nyumba ya Mzee Flavian, Obedi akatandika kitambaa cheupe juu ya meza na kupanga vifaa vyake kama padri anayeandaa altare. Mzee alikaa upande mmoja. Upande wa pili alikaa mkewe, Mama Marsiana, anapepeta ulezi kwenye ungo, macho kwenye ungo, masikio mezani.

"Mzee, watu wanakosea hapa," akaanza Obedi. "Wanauliza bunduki. Mimi siuzi bunduki. Bunduki ni bomba tu. Moyo wake ni giaboksi."

"Kama ya gari?"

"Ndugu yake. Ya gari inavuta mzigo, hii inavuta springi. Springi ikiachiwa, inasukuma pumzi, pumzi inarusha punje. Sasa ziko aina mbili, na uchaguzi ni wako, mimi sitakushawishi." Akasogeza ya kwanza. "Hii ni ya kawaida. Nzuri tu. Ukitaka kubadilisha springi, unaifungua yote."

Akashika bisibisi, akafungua. Kabla hajatoka nyumbani alikuwa amezilegeza skrubu na kukandamiza springi mahali pasipo pake, jambo ambalo hakuona haja ya kulitaja. Ganda likafyatuka. Springi ikaruka ikampiga jogoo, gia moja ikaviringika chini ya ghala, nyingine ikaingia kwenye ungo wa Mama Marsiana. Jogoo akaondoka akilalamika.

"Umeona?" Obedi akasema kwa masikitiko. "Nyani yuko shambani, wewe unatafuta gia kwenye ungo." Akasogeza ya pili, akaigusa kwa kidole kimoja. "Hii sasa. Springi inabadilishwa kwa nyuma. Unasukuma bisibisi, unazungusha kidogo, inatoka. Unaweka nyingine, unazungusha, umemaliza. Tumbo halifunguliwi."

Akafanya. Ikatoka. Akaweka nyingine. Ikaingia. Hapo hapakuwa na ulaghai wowote, springi ilibadilika kweli, na mzee akapumua kwa nguvu.

"Za nini springi mbili?"

"Springi laini ya ndege, springi kali ya nyani. Ndege ukimpiga kwa kali, umeua, ni dhambi. Nyani ukimpiga kwa laini, anadhani unamsalimia."

"Na hivyo vipunje vya plastiki," Mama Marsiana akasema bila kuinua macho, "vikidondokea kwenye ulezi wangu, nani atavichambua kwenye unga?"

"Vinaoza, mama."

"Vinaoza lini? Kabla ya ugali au baada?"

"Marsiana, mwache mtaalamu," mzee akasema. Alikuwa ameshaanza kupiga mahesabu, unaona kabisa midomo inacheza. Bunduki moja, kazi mbili. Akimaliza kwake ataikodisha kwa majirani, kila shamba gunia. "Ile iliyofyatuka bei gani?"

"Ile mbuzi tu."

"Na hii?"

Obedi akatazama mlimani, kama bei yenyewe inamtia aibu. "Dume la ng'ombe."

"We!" Mzee akasimama. Akaenda mpaka zizini, akarudi. Akaitazama giaboksi, akaitazama gia iliyokuwa bado kwenye ungo. "Mimi sinunui kitu cha kufyatuka," akasema. "Nipe ya kubadilisha haraka."

Moyo wa Obedi ukaruka, lakini uso ukabaki na huzuni ya kitaalamu. Alijua springi kali itaitafuna ile giaboksi, gia zake zilikuwa za plastiki. Alihitaji muda wa kufika mbali kabla haijalia. Kwa hiyo akasema maneno ambayo kwenye kazi yake yalikuwa kama sala ya kufunga: "Ila mzee, tafadhali. Springi asiibadilishe mtu yeyote ambaye hakusomea. Ikisumbua msiiguse. Mwenye ujuzi ni mimi peke yangu mkoa huu wote."

"Peke yako?" akauliza Mama Marsiana. Kwa mara ya kwanza aliinua macho kutoka kwenye ungo, akamtazama Obedi kuanzia viatu hadi kichwani, akaishia kwenye mabega, ambayo yalikuwa mazuri tu.

"Peke yangu, mama."

Mama akamtazama mumewe. Mzee akakohoa. "Basi njoo Alhamisi umchukue dume wako," akasema. "Majirani watakuwepo. Tutamaliza vizuri."

Alhamisi Obedi alifika amevaa suti aliyokusudia kuivaa Uyole. Dume lilikuwa limefungwa kwenye nguzo, jeusi, lina nundu ya kujivunia. Obedi akaliona tayari liko kwenye uwanja wa baba yake Jane, na Jane amesimama mlangoni anajifanya hatazami. Machozi yakamlenga, kwa kweli.

Majirani walikuwa wamekaa kwenye duara, katikati kuna chungu cha kimpumu, pombe ya ulezi, kinaongezwa maji ya moto, mirija imesimama ndani yake. Mzee Yonas, mwenyekiti wa kitongoji, akamsogezea mrija. "Karibu, mtaalamu. Onja."

Sasa, mtoto yeyote wa Ufipa angeuliza kwanza: pombe hii ni ya nini? Maana kuna pombe ya furaha, kuna ya msiba, kuna pombe ya kazi. Ya kazi, mwenye shamba anapika, majirani wanakunywa, na kila aliyegusa mrija ameingia kazini mpaka kazi iishe. Hakuna anayekulazimisha. Ila usipotokea, siku ukiugua hata mbuzi wako hatapata wa kumfungua. Obedi alikuwa mtu wa mjini, na Mbeya alizoea kunywa vya watu bila kuulizwa. Akavuta mrija. Ilikuwa tamu, ya moto, na baridi ya Kasense ilikuwa imemwingia. Akavuta tena, kwa muda mrefu.

Duara zima likapiga makofi, taratibu, kwa heshima.

"Amekunywa, hongera yake," akasema Mama Marsiana.

"Nimekunywa, nashukuru sana," Obedi akasema akitabasamu. "Hongera kwa nini?"

"Hongera kwa kazi," akasema Mzee Flavian. "Hawa wamekunywa, wamekujengea dungu, lile pale. Wewe umekunywa, utaamia. Mpaka ulezi ukatwe."

Tabasamu la Obedi lilibaki mdomoni kwa muda, likiwa halijapata taarifa. "Mzee, mimi Jumamosi nina shughuli Mbeya. Nachukua ng'ombe wangu sasa hivi."

"Mchukue! Ni wako, tumekubaliana mbele ya watu. Lakini kumsafirisha ng'ombe kunahitaji kibali cha mwenyekiti."

Obedi akamgeukia Mzee Yonas. Mzee Yonas alikuwa na mrija mdomoni, akaonyesha kwa mkono kwamba hawezi kuzungumza wakati anakunywa. Akaendelea kunywa.

"Wewe mwenyewe ulisema," Mama Marsiana akasema kwa upole wa kutisha, "springi asibadilishe asiyesomea. Asubuhi ndege, jioni nyani. Sasa nani atabadilisha, mwanangu? Jogoo?"

Obedi akaongea. Ee, aliongea! Alitaja Pito, alitaja wizara, alitaja ugonjwa wa mgongo. Duara lilimsikiliza kwa adabu yote, na alipomaliza wakamsogezea tena mrija. Ndipo, kwa kukata tamaa, akafanya kosa la mwisho. Akasema ukweli. Akawaeleza habari za Jane, Jumamosi na baba mkwe.

"Kumbe!" Mzee Flavian akaguswa kabisa. "Si ungesema? Kesho mwanangu Calvin anapeleka mahindi Mbeya na Fuso. Atampakia ng'ombe wako, atamfikisha Uyole mpaka mlangoni. Wewe kaa na ndege wangu. Na ukiteremka pale dunguni ukakimbia kabla ya mavuno, nitampigia huyo baba mkwe nimweleze ng'ombe alipatikanaje." Akamgonga begani kwa mapenzi. "Hutakimbia, najua."

Calvin alikuwa kijana mkimya, mpana, mwenye pengo la jino na mikono ya mtu anayebadilisha matairi mwenyewe. Obedi alimshika mkono Ijumaa alfajiri akamwambia, "Kaka, sema tu ng'ombe ametoka kwa Obedi. Usiongeze neno." Calvin akasema, "Sawa." Fuso ikaondoka na mahindi, na dume, na maisha yote ya Obedi yaliyobaki.

Jumamosi Jane akapiga simu anacheka. Ng'ombe amefika, baba amemzunguka mara nyingi, amempapasa nundu, amefurahi. "Anauliza mwenyewe unakuja lini?"

"Mavuno yakiisha tu, mpenzi. Huku ranchi imenibana."

Na ilimbana kweli. Bunduki ilifanya kazi kwa siku chache. "Ndege!" Mzee Flavian anapiga kelele kutoka chini. "Weka laini!" Obedi anachomoa, anazungusha, anaweka laini. "Nyani kwenye mahindi! Weka kali!" Anachomoa, anazungusha, anaweka kali. Ilikuwa inabadilika haraka mno, hilo ndilo lililomuua, ingenunuliwa ile ya kufyatuka walau angepumzika akitafuta gia. Ndege walijifunza upesi kwamba vipunje vinapita pembeni. Nyani mmoja dume, mzee mwenye uso wa hakimu, alipigwa na springi kali kwenye paja, akaokota kile kipunje, akakinusa, akakitupa, akaendelea na hindi. Siku iliyofuata giaboksi ikasaga meno yake yote, ikanyamaza.

"Imekufa?" akauliza mzee.

"Imekufa."

"Una mikono," akasema mzee. "Una na mdomo. Mdomo unao mkubwa."

Basi mtaalamu wa ulinzi wa mazao akaamia ndege kwa makofi na kelele, kutoka jua linapochomoza hadi linapozama, suti imegeuka rangi ya udongo, sauti imekwaruza. Chakula aliletewa kizuri, siwezi kusema uongo. Mama Marsiana hakuwa mchoyo wa ugali. Katika kila ugali alioletewa alikutana na kipunje kimoja au viwili, na mama alikuwa akisimama pale mpaka avitafune.

Jambo moja tu lilimsumbua. Fuso ya Calvin, gari zima miaka yote, ilikuwa imeanza kuharibikia Uyole. Safari hii pancha, safari ile betri, safari nyingine "inatoa sauti". Na Jane, ambaye zamani alipiga kila siku, sasa alikuwa anapokea tu, tena akiwa na haraka.

Jane alipiga Jumapili, ulezi ukiwa umebakiza kidogo tu kukatwa. Obedi alikuwa juu dunguni. Chini, Mzee Flavian na Mama Marsiana walikuwa wanatoka nyumbani, mzee na koti jipya, mama na kitenge ambacho Obedi hakuwahi kukiona kwake.

"Obedi, uko wapi?"

"Niko ranchi, mpenzi."

"Ranchi ina dungu?"

Obedi akasahau kupiga makofi. Ndege wakaanza kushuka pembeni mwa shamba.

"Calvin ametueleza yote," Jane akasema. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. "Si kwa ubaya. Baba alimuuliza ng'ombe wako wengine wako wangapi, naye akajibu. Yule hajui kudanganya, Obedi. Nimemjaribu kila namna, hajui kabisa. Sikujua kama watu wa hivyo wapo."

"Jane, nisikilize. Mimi nakupenda. Mimi kwa ajili yako nimekaa huku juu nimepigwa na jua, nimepigwa na baridi..."

"Najua. Hilo nimeliamini." Akapumua. "Ungeniambia huna kitu ningekuja nikae na wewe huko huko dunguni. Mimi ng'ombe ni wa baba, si wangu. Ila hukuniambia hata siku moja."

"Basi dume langu lirudi!"

"Baba anasema safari ni ndefu, atakonda. Amemhesabu kwenye mahari ya Calvin. Wazazi wake wanakuja leo kukamilisha, mama yake ameniomba nimpe kitenge cha kuvaa, nimempelekea kwa Fuso. Nakutakia heri, Obedi. Kweli kabisa."

Simu ikakatika. Obedi akatazama chini, akatambua kile kitenge kilikotoka. Kisha akafungua mdomo ambao ulikuwa umewauzia watu wa mikoa miwili kila aina ya kitu, na humo hakukuwa na neno hata moja. Kilichotoka kilikuwa kilio, kirefu, cha kutoka tumboni, cha mtu aliyeibiwa mchana kweupe na watu wema. Ndege wakainuka shamba zima kwa mkupuo, wakatanda angani, wakaelekea Pito na hawakugeuka. Kwenye mahindi, yule nyani mwenye uso wa hakimu akaacha hindi chini akakimbilia mlimani na ukoo wake wote.

Mzee Flavian alisimama njiani, akavua kofia, akatazama shamba lake lisilo na ndege hata mmoja, safi, salama.

"Hapo sasa!" akampigia kelele kwa furaha. "Hapo sasa, mwanangu! Endelea hivyo hivyo mpaka turudi!"